Tungamo, kasi na mteremko wa Umatengo

Katika nyanda za juu za Umatengo, wilayani Mbinga, karibu kila kitu chenye thamani hupandishwa kwa jasho na kuteremka kwa urahisi wa kutisha. Kahawa ya Mapera, Litembo na Maguu huteremka kutoka mashambani kwa vichwa, kwa pikipiki na kwa malori hadi mjini Mbinga. Makaa ya mawe ya Ngaka hupakiwa kwenye matela na kuanza safari ndefu ya kuelekea Songea na pwani. Na mvua inayonyesha juu ya vilele vinavyokaribia kimo cha mita 2,000 hugawana njia, nyingine ikifuata Mto Ruhuhu na vijito vya magharibi hadi Ziwa Nyasa, ambalo uso wake uko kama mita 475 tu juu ya usawa wa bahari, na nyingine ikishika njia ya Mto Ruvuma kuelekea Bahari ya Hindi. Manufaa na hatari za miteremko hiyo hutegemea sana kitu kimoja ambacho hakionekani kwa macho wala hakisomeki kwenye mizani, nacho ni momenta, yaani kiasi cha mwendo ambacho kitu hubeba kwa sababu kina tungamo na kwa sababu kinakwenda.

Tungamo ni wingi wa maada iliyomo ndani ya kitu, nalo hupimwa kwa kilogramu. Katika mazungumzo ya kila siku watu husema "uzito", na karani wa chama cha msingi anayepima kahawa ya wakulima hana sababu ya kusema vinginevyo. Lakini wanafizikia hutenga maneno hayo mawili, kwa kuwa uzito ni nguvu ambayo dunia hutumia kukivuta kitu, ilhali tungamo ni ukaidi wa kitu chenyewe, ule mgomo wake wa kuanza mwendo kikiwa kimetulia na wa kusimama kikiwa kimeshika mwendo. Gunia la kilo 60 lililoning'inizwa kwa kamba halimwelemei mtu anayelisukuma kwa ubavu, maana kamba ndiyo iliyobeba uzito wote, lakini bado linagoma kusogea, na likisha kusogea linarudi na kumpiga kumbo aliyelisukuma. Mgomo huo, ambao usingeondoka hata gunia lingepelekwa mwezini, ndio tungamo.

Kasimwelekeo, kama jina lenyewe linavyojieleza, ni kasi iliyofungamana na uelekeo: mita kumi kwa sekunde kuelekea ziwani si kasimwelekeo ile ile na mita kumi kwa sekunde kuelekea Mbinga mjini, hata kama sindano ya kipima mwendo cha gari inaonyesha namba ileile. Tungamo likizidishwa kwa kasimwelekeo, jawabu ndiyo momenta, na kipimo chake ni kilogramu-mita kwa sekunde, jina refu ambalo wataalamu hawakujishughulisha kulifupisha kwa jina la mtu kama walivyofanya kwa kani, yaani nguvu ya kusukuma au kuvuta, ambayo hupimwa kwa nyutoni. Jambo la kuzingatia katika hesabu hiyo ni kwamba ni kuzidisha, si kujumlisha, na kwa hiyo kiasi kimoja kikiwa sifuri kingine hakina cha kusema: jabali la tani elfu lililotulia juu ya kilima lina momenta sawa na ile ya kokoto iliyotulia, yaani hakuna.

Fikra hii haikuzaliwa siku moja. Ibn Sina, aliyefariki mwaka 1037, aliandika kuhusu mwelekeo unaoachwa ndani ya kitu kilichorushwa, ambao haupotei mpaka kitu kingine kiuzuie. Katika karne ya 14 Jean Buridan wa Paris aliufungamanisha mwelekeo kama huo na wingi wa maada pamoja na kasi. Na mwaka 1644 René Descartes akatangaza kwamba jumla ya mwendo ulimwenguni haibadiliki, ila akasahau uelekeo, kosa ambalo lilifanya hesabu zake za vitu vinavyogongana zishindwe mara kwa mara. Christiaan Huygens alilisahihisha kosa hilo, na Isaac Newton, katika kitabu chake cha mwaka 1687, akakiweka kiasi cha mwendo miongoni mwa fasili za mwanzo kabisa, kabla hata ya kutaja sheria zake tatu. Mwanafunzi wa sekondari wa Tanzania hukutana na somo hili kwa Kiingereza, baada ya miaka ya kusoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi, na si ajabu kwamba wengi huikariri fomula bila kutambua kwamba jambo lenyewe wamelishika kwa mikono yao tangu utotoni.

Simulizi za Ulaya humpa Newton tufaha, lakini kata inayoitwa Mapera haina haja ya kuazima tunda. Pera la gramu 100 likianguka kutoka tawi lililo mita tatu juu hufika chini kwa kasi ya karibu mita 7.7 kwa sekunde, likiwa na momenta ya 0.77 tu. Likidondokea mwamba na kusimama ndani ya sehemu tano za elfu ya sekunde, hupigwa na kani ya wastani ya nyutoni 154, ambayo ni zaidi ya mara 150 ya uzito wake, na hupasuka. Likidakwa na mtoto anayerudisha mikono nyuma kidogo, hata likachukua sehemu moja ya kumi ya sekunde kusimama, kani hushuka hadi nyutoni nane hivi na tunda hubaki zima. Momenta iliyoondolewa ni ileile katika hali zote mbili. Kilichobadilika ni muda, na uhusiano huo, kwamba kani ikizidishwa kwa muda inaofanya kazi hutoa badiliko la momenta, ndio unaotawala mambo yote yanayofuata katika makala hii, kuanzia breki za lori hadi mashimo ya shamba la maharage.

Mgodi wa Ngaka ulianza kutoa makaa mwaka 2011, na tangu hapo malori makubwa yamekuwa sehemu ya kawaida ya barabara za Ruvuma. Sheria ya Udhibiti wa Uzito wa Magari ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza mwaka 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari na mzigo wake, likiwa na ekseli saba. Lori la namna hiyo linapokwenda kilomita 50 kwa saa, sawa na mita 13.9 kwa sekunde, hubeba momenta ya karibu 778,000; likifika kilomita 80 kwa saa, momenta huwa zaidi ya 1,240,000. Kwa kulinganisha, bodaboda aliyepakia gunia la kahawa, kwa jumla ya kilo 250 hivi za pikipiki, dereva na mzigo, akienda kilomita 36 kwa saa ana momenta ya 2,500 tu. Ulinganisho huo ukigeuzwa unashangaza zaidi: lori la tani 56 linalojikokota mita moja kwa sekunde, mwendo ambao mtoto wa miaka mitatu anaweza kuufuata kwa miguu, lina momenta ambayo bodaboda huyo angeipata kwa kukimbia zaidi ya kilomita 800 kwa saa, kasi ya ndege ya abiria. Ndiyo maana utingo mwenye akili haweki mguu wake mbele ya tairi la lori "linalosogea kidogo tu", bali hutupa kabari kwa mkono na kuruka pembeni.

Katika viwili vinavyozidishwa, dola imekiwekea kimoja majengo, makarani na risiti. Lori hupita kwenye mizani, tungamo lake husomwa kwa uangalifu, na likizidi hutozwa faini. Kasi yake, kwa sehemu kubwa ya safari, huachiwa dereva, mteremko, na askari wa usalama barabarani mwenye kile kifaa ambacho madereva hukiita tochi. Kwa upande wa momenta, hata hivyo, viwili hivyo ni ndugu sawa. Lori lililozidisha asilimia kumi ya mzigo, yaani tani tano na nusu hivi, limeongeza momenta sawasawa na lori halali lililopandisha mwendo kutoka kilomita 50 hadi 55 kwa saa, jambo ambalo dereva hulifanya kwa kubonyeza mguu kidogo bila hata kukatiza mazungumzo. Ni haki kukiri kwamba mizani iliwekwa hasa kuilinda lami, ambayo huumia kwa uzito wa ekseli kuliko kwa kasi. Lakini anayeishi kandokando ya barabara, ambaye hofu yake si nyufa za lami, ana sababu ya kuitazama ile namba ya pili kwa jicho kali zaidi.

Sababu hiyo huonekana wazi zaidi pale breki zinapoanza kufanya kazi. Ikichukuliwa kwamba breki za lori la tani 56 kwenye barabara tambarare zinaweza kutoa kani ya nyutoni 200,000, lori lililokuwa likienda kilomita 50 kwa saa litasimama kwa sekunde 3.9, na lililokuwa likienda 80 kwa sekunde 6.2. Muda umeongezeka kwa kadiri ileile ya momenta. Umbali, kwa upande mwingine, umetoka mita 27 hadi mita 69, kwa kuwa lori la pili limetumia muda mrefu zaidi na katika muda huo lilikuwa likikimbia zaidi. Kasi ikiongezeka mara mbili, muda wa kusimama huongezeka mara mbili lakini umbali huongezeka mara nne. Umbali huo hufuata kiasi kingine, nishati ya mwendo, ambayo hukua kwa kipeo cha pili cha kasi, na watu wengi wanaobishana kama ajali husababishwa na "mori" wa gari au na "nguvu" yake huwa wanazungumzia viwili hivi tofauti bila kuvitenga.

Barabara ya lami kutoka Mbinga hadi Mbamba Bay, yenye urefu wa kama kilomita 66, huteremka kutoka milimani hadi kandokando ya maji, na hapo hesabu hubadilika. Mahali penye mteremko wa mita nane kwa kila mita mia moja, uvutano wa dunia hulisukuma lori la tani 56 kwenda chini kwa kani ya karibu nyutoni 44,000, ambayo hukatwa kutoka nguvu ya breki kabla breki hazijaanza kupunguza chochote. Sekunde 3.9 huwa sekunde tano. Hayo ni kwa breki baridi. Dereva aliyekanyaga breki kilomita kadhaa mfululizo huzipasha moto mpaka zinaanza kunuka, na joto hilo huzipunguzia mshiko kidogo kidogo. Siku mshiko huo utakaposhuka hadi zile nyutoni 44,000, breki na mteremko vitakuwa vimetoshana nguvu, momenta ya lori haitapungua hata chembe hata dereva akisimama juu ya pedali, na mshiko ukishuka chini ya hapo momenta itaanza kuongezeka. Madereva husema breki zimefeli, ingawa mara nyingi hakuna kilichokatika wala kuvunjika. Wale wazoefu hushuka kwa gia nzito tangu mwanzo wa mteremko, wakiiacha injini ipunguze mwendo kabla momenta haijakusanyika, na humcheka kijana anayetia nyutro ili kuokoa mafuta, kicheko ambacho kina fizikia nzima ndani yake.

Kona nazo zina siri yao. Lori likiingia kwenye kona ya kugeuka kabisa, zile zinazorudisha barabara ilikotoka, kwa mita tano kwa sekunde na kutoka kwa mita hizohizo tano, dereva anayetazama kipima mwendo ataapa kwamba hakuna kilichobadilika. Lakini lilipoingia lilikuwa na momenta ya 280,000 kuelekea upande mmoja, na linapotoka lina 280,000 kuelekea upande wa pili, kwa hiyo badiliko zima ni 560,000, sawasawa na kama lingekuwa limesimamishwa kabisa kisha likasukumwa upya kwenda kinyume. Kani ya kufanya kazi hiyo hutoka mahali pamoja tu, nyayo za matairi zinapogusa lami, na lami ikiwa na utelezi wa mvua ya kwanza iliyochanganyika na vumbi na mafuta, nyayo hizo hushindwa na lori hufuata momenta yake, ambayo huelekea mbele moja kwa moja, ndani ya bonde.

Kugongana ndiko kunakoonyesha bila huruma jinsi tungamo linavyogawa maumivu. Lori la tani 56 linalokwenda mita kumi kwa sekunde likiligonga gari dogo la kilo 1,400 lililosimama, na yote mawili yakaendelea pamoja, momenta ya 560,000 iliyokuwapo kabla ndiyo itakayokuwapo baada, kwa kuwa katika kugongana momenta haipotei bali huhama. Sasa itabebwa na kilo 57,400, na kasi ya pamoja itakuwa mita 9.76 kwa sekunde. Lori limepoteza robo ya mita kwa sekunde, mshtuko ambao dereva wake anaweza kuudhania shimo la barabarani. Gari dogo limetoka sifuri hadi karibu mita kumi kwa sekunde kwa kufumba na kufumbua. Momenta aliyoitoa mmoja ndiyo aliyoipokea mwingine, kilogramu-mita 13,659 kwa sekunde, sawa kwa sawa, lakini usawa huo hauwafariji walio ndani ya chombo chepesi.

Barabara ile ya Mbinga inapofika Mbamba Bay hukutana na maji ambayo huifundisha kanuni hiyohiyo kwa upole zaidi. Mvuvi wa Nyasa anaporudi alfajiri na usipa au mbasa wake, mtumbwi ukiwa umekaribia mchanga lakini haujaugusa, akiruka kuelekea nchi kavu mtumbwi hurudi nyuma. Mtu na chombo walikuwa wametulia, kwa hiyo jumla ya momenta ilikuwa sifuri na lazima ibaki sifuri: mvuvi wa kilo 60 anayeruka kwa mita 1.5 kwa sekunde amejitwalia momenta ya 90 kuelekea ufukoni, na mtumbwi wa kilo 90 hauna budi kupokea 90 kinyume chake, yaani kurudi ziwani kwa mita moja kwa sekunde. Mvuvi mzoefu huruka akiwa ameshika kamba. Kasia nalo hufanya kazi kwa njia hiyo, likiyapa maji momenta ya kwenda nyuma ili chombo kipate yake ya kwenda mbele, na katika miezi ya upepo wa kusi, ambao upande wa Malawi huitwa mwera, mawimbi yanapopanda hesabu hugeuka, kwa kuwa kila mita moja ya ujazo wa maji ina tani nzima, na wimbi linalosukuma tani kadhaa za maji halihitaji kasi kubwa ili kuufanya mtumbwi wa mbao kuwa kitu chepesi.

Kaskazini ya Mbamba Bay iko Liuli, ambayo Wajerumani waliiita Sphinxhafen, na hapo ndipo mizinga iliposikika ziwani mnamo Agosti 1914, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa na siku chache tu. Meli ya Waingereza, Gwendolen, ilivuka ziwa na kuishambulia meli ya Wajerumani, Hermann von Wissmann, iliyokuwa imepandishwa nchi kavu kwa matengenezo, na nahodha wa Kijerumani, ambaye habari za vita zilikuwa hazijamfikia, inasemekana aliona ni rafiki yake wa upande wa pili aliyelewa. Katika hesabu ya momenta mzinga ni mtumbwi uliogeuzwa: kombora la ratili tatu, kama kilo 1.4, likitoka kwa kasi ya mita 500 kwa sekunde hubeba momenta ya 700 kwenda mbele, na meli inayolifyatua hupokea 700 kwenda nyuma. Ikichukuliwa kwamba meli ina tani 350, itarudi kwa milimita mbili kwa sekunde, mwendo ambao hakuna baharia angeutambua, ingawa mtu aliyeshika bunduki begani, akiwa na tungamo dogo, huutambua vizuri sana.

Meli za mizigo za leo huonyesha upande wa pili wa jambo hilo, ule wa tungamo kubwa na kasi ndogo. MV Njombe na MV Ruvuma, zilizoundwa Kyela na kukabidhiwa mwaka 2017, zina uwezo wa kubeba tani 1,000 kila moja. Mzigo huo peke yake, bila kuhesabu chuma cha meli, ukisogea gatini kwa sentimita 20 kwa sekunde, taratibu kiasi kwamba mtu aliye gatini anaweza kusoma kila herufi ya jina la meli ubavuni, una momenta ya 200,000, sawa na lori la tani 56 linalokwenda karibu kilomita 13 kwa saa. Meli ikigusa zege na kusimama kwa nusu sekunde, kani ni nyutoni 400,000, kama kulundikiwa uzito wa tani 40. Ikisimama kwa sekunde kumi, kani ni nyutoni 20,000 tu. Matairi chakavu yaliyofungwa kwa minyororo kwenye kuta za magati, ambayo mgeni huyaona kama uchafu ulioachwa na mafundi, yamewekwa pale ili kununua sekunde, na mabaharia wanaotupa kamba na kuilegeza kidogo kidogo kwenye kigingi cha chuma badala ya kuikaza mara moja hununua sekunde hizohizo kwa mikono yao.

Kurudi milimani ni kurudi kwenye kisa kizito kuliko vyote, kwa sababu kinahusu kitu ambacho hakuna mizani wala tochi inayoweza kukisimamisha, yaani mvua. Msimu wa mvua wa Mbinga ni mmoja na mrefu, kuanzia Novemba au Desemba hadi Aprili au Mei. Tone kubwa, lenye kipenyo cha milimita tano, lina tungamo la miligramu 65 hivi na huanguka kwa karibu mita tisa kwa sekunde. Tone la milimita moja lina kama nusu miligramu na huanguka kwa mita nne hivi. Tone kubwa, kwa hiyo, humpiga mdudu, jani au chembe ya udongo kwa momenta ya kati ya mara 250 na 300 ya lile dogo, na mkulima asemaye kwamba mvua ya matone makubwa "inachimba" hajatumia tamathali ya usemi. Hata hivyo, tone hupiga mara moja na kuisha. Hatari huanza matone yanapoungana.

Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja, na lita moja ni kilo moja. Mvua ya milimita 40 juu ya hekta moja, mvua ya alasiri moja ambayo haimshangazi mtu yeyote wa Mapera, ni lita 400,000, yaani tani 400, malori saba ya makaa yenye uzito kamili yakiwa yameegeshwa juu ya shamba moja lenye mteremko. Maji yote hayo yakiachwa yaungane na kufikia mita mbili tu kwa sekunde, momenta yake huwa 800,000, kiasi kilekile, kwa tofauti ndogo sana, cha lori la tani 56 linalopita kijijini kwa kilomita 50 kwa saa. Lori likipita hakuna anayelitilia shaka kwamba lina nguvu ya kubomoa. Maji ya kiasi hicho hubeba udongo wa juu, ule mweusi, hukata makorongo, na hufika mtoni yakiwa rangi ya chai ya maziwa.

Wamatengo walijikita kwenye miinuko hii mikali hasa katika karne ya 19, Wangoni walipoingia kutoka kusini na kuyafanya mabonde kuwa mahali pa hatari, na kwa kuwa watu walikuwa wengi na ardhi ya mteremko ilikuwa finyu, walilazimika kulima mahali ambapo shamba la kawaida lingekwenda na maji ndani ya misimu michache. Jibu lao ni ngoro. Kazi huanza mvua zikikaribia kwisha, mwezi Machi hivi. Wanaume hufyeka nyasi kwa nyengo, huziacha zinyauke, kisha huzilaza kwa mistari inayokatana mfano wa wavu uliotandazwa mlimani. Wanawake hufuata kwa majembe, huchimba udongo wa katikati ya kila mraba na kuurushia juu ya nyasi pande zote nne, hata nyasi zifunikwe na kuwa matuta, na katikati libaki shimo. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata mvua za mwisho wa mwaka zinapoanza. Kutoka kilima cha ng'ambo shamba huonekana kama sega la nyuki lililoegeshwa.

Kwa jicho la fizikia, ngoro huishambulia momenta kwa pande zote mbili za kuzidisha kwa wakati mmoja. Ikikadiriwa kwamba kila shimo pamoja na sehemu yake ya matuta huchukua mraba wa mita mbili kwa mbili, hekta moja ina mashimo 2,500, na zile tani 400 za mvua hugawanywa kuwa vifungu vya lita 160, ndoo nane kwa kila shimo. Tungamo limevunjwavunjwa kabla halijaungana. Kasi nayo haipati nafasi ya kukua, kwa sababu tone lililodondoka juu ya tuta huteremka chini ya mita moja kabla ya kufika kwenye shimo na kutulia, na maji yaliyotulia, yawe mengi kiasi gani, yana momenta ya sifuri. Kilichobaki ni kunywewa na udongo kwa saa kadhaa. Kile kidogo ambacho maji yalikuwa nacho hukabidhiwa mlima, na mlima hukikabidhi dunia, ambayo tungamo lake ni kubwa kiasi kwamba hakuna chombo kitakachoona badiliko la mwendo wake. Lori likisimama salama nalo huikabidhi dunia momenta yake kwa njia hiyohiyo.

Watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo pamoja na wenzao wa Chuo Kikuu cha Kyoto, kwa msaada wa shirika la maendeleo la Japani, JICA, walianza kuchunguza kilimo hiki wilayani Mbinga katikati ya miaka ya 1990, na chuo cha Sokoine kikaanzisha kituo cha maendeleo endelevu vijijini mwaka 1999 kutokana na kazi hiyo. Inafaa kukumbuka, kwa kulinganisha, kwamba mwaka 1955 milima ya Uluguru iliona ghasia baada ya serikali ya kikoloni kuwalazimisha wakulima kuchimba matuta ya ngazi kwa nia hiyohiyo ya kuzuia maji. Nia ilikuwa moja, na fizikia ilikuwa moja. Ila tuta la Uluguru lilitoka ofisini, na shimo la Umatengo lilitoka kwa mwenye jembe.

Ngoro ina mahali pake pa udhaifu, na mkulima anapajua. Tuta moja likipasuka upande wa chini, lita 160 huingia katika shimo linalofuata, ambalo tayari lina 160 zake, na tuta la shimo hilo, lililojengwa kustahimili kifungu kimoja, sasa linasukumwa na viwili. Likikubali, viwili huteremka pamoja kukutana na cha tatu, na kila hatua tungamo linaongezeka na kasi inaongezeka, mpaka mstari mzima wa mashimo unafunguka kama kitambaa kilichoshikwa uzi. Kwa hiyo mvua ikikatika, hata kama jua limeshaelekea kuzama, huonekana watu wakipita shambani na majembe, wakigandamiza udongo mbichi mahali ambapo maji yalianza kuonja njia. Palizi nayo huishia mashimoni: magugu yaliyong'olewa hutupwa humo, hukutana na tope laini ambalo maji yaliliachilia yaliposimama, na kuoza pamoja nalo. Mzunguko mpya wa ngoro unapofika, mashimo hayachimbwi yalipokuwa. Huchimbwa pale matuta ya zamani yalipokutana, na tope lile jeusi la shimo la zamani hupandishwa juu kuwa tuta, tayari kwa maharage.